Nyonga Bandia Ikilegea: Shina Jipya Hufuata Mfupa Uliobaki

Mgonjwa akiambiwa kwamba nyonga yake ya bandia imelegea na itabidi ibadilishwe, maswali mawili humtoka upesi: chuma kipya kitatoka nchi gani, na kitagharimu shilingi ngapi. Yote mawili ni halali, ila yote mawili yana la kutanguliwa nalo: mfupa wa paja uliobaki una hali gani, na sehemu yake iliyo nzima inaanzia wapi? Jibu la hapo ndilo linaloamua urefu wa shina jipya, umbo lake, madini yake, na kama litashikwa kwa saruji au la.

Makala haya ni ya mgonjwa anayekabiliwa na upasuaji wa marudio, na ya ndugu watakaoketi naye mbele ya daktari. Hayachukui nafasi ya daktari bingwa wa mifupa. Yanakusudia umwelewe anapokuonyesha picha, na ujue pa kumuuliza zaidi.

Nyonga bandia ina sehemu nne. Kuna kikombe kinachokaa kwenye mfupa wa nyonga, bitana ya plastiki ngumu au kauri ndani ya kikombe, kichwa cha mviringo cha chuma au kauri kinachozunguka humo, na shina la chuma linaloingia ndani ya mfereji wa mfupa wa paja. Muundo huu ulipata sura tunayoijua leo mwaka 1962, pale John Charnley wa hospitali ya Wrightington, Uingereza, alipounganisha shina lililoshikwa kwa saruji, kichwa kidogo cha milimita 22 na kikombe cha plastiki ngumu. Tangu hapo watu wengi wamekaa na nyonga zao miaka 20 na zaidi bila tatizo. Hapa tunazungumza na wale ambao yao imegoma, na zaidi ya yote tunazungumzia shina, kwa kuwa ndilo lenye uamuzi mgumu.

Kwanza ijulikane kwa nini imeshindwa

Usikubali mazungumzo ya shina jipya yaanze kabla sababu ya kushindwa kwa la zamani haijajulikana. Sababu kubwa ni tano: kulegea pasipo maambukizi, maambukizi, kuteguka mara kwa mara, kuvunjika kwa mfupa kandokando ya shina, na kulika au kukatika kwa chuma chenyewe.

Kulegea pasipo maambukizi huanza polepole. Kichwa kinapozunguka ndani ya kikombe kwa miaka, plastiki husagika na kutoa chembe ndogo zisizoonekana kwa macho. Seli za ulinzi wa mwili huzimeza chembe hizo, hushindwa kuzimeng'enya, na katika kuhangaika huko hutoa ishara zinazoamsha seli zinazokula mfupa. Mfupa unaoshika shina hupungua mwaka hadi mwaka, na mgonjwa huenda asisikie chochote mpaka shina lianze kucheza. Plastiki iliyoimarishwa kwa mionzi, ambayo ilienea kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1990, husagika kwa kiasi kidogo zaidi, lakini wapo wengi wanaotembea bado na ile ya zamani.

Dalili ya shina kulegea ni maumivu ya paja yanayochoma unapoinuka kitini na katika hatua za mwanzo, kisha yanatulia kidogo ukishatembea. Wengine huona mguu unazidi kuwa mfupi, au hujikuta wakichechemea kuliko mwaka uliopita. Maumivu ya kinena mara nyingi huelekeza kwenye kikombe. Maumivu yasiyotulia hata ukiwa umelala, au kidonda kinachotoa maji karibu na kovu la zamani, huelekeza kwenye maambukizi.

Maambukizi ndiyo yanayotakiwa kuulizwa kwa sauti kubwa kuliko yote, kwa sababu shina zuri kuliko yote likiwekwa juu ya bakteria litalegea tena. Kila nyonga inayouma ichukuliwe kuwa huenda ina maambukizi mpaka vipimo vikanushe. Vipimo vya kuanzia ni vya damu, yaani CRP na ESR, kisha kuvuta majimaji ya ndani ya nyonga kwa sindano na kuyaotesha maabara. Baadhi ya bakteria huota taratibu, hivyo maabara hutakiwa kuyaacha hadi siku 14. Mgonjwa aliyekuwa akimeza antibiotiki anaweza kupata majibu ya uongo, ndiyo maana madaktari humtaka azisimamishe kwa takriban wiki mbili kabla ya kipimo, ikiwa hali yake inaruhusu. Kwa hiyo usinunue antibiotiki duka la dawa kwa ajili ya maumivu ya nyonga. Utakuwa umemficha adui unayemtafuta.

Maambukizi yakithibitika, mpango wote hubadilika. Njia inayotumika sana ni ya hatua mbili: chuma chote na saruji yote huondolewa, tishu zilizokufa husafishwa, kisha huwekwa kishikilia nafasi cha saruji iliyochanganywa na antibiotiki. Shina la kudumu huwekwa baada ya wiki au miezi, wadudu wakishatokomezwa. Ipo pia njia ya hatua moja, ambayo hospitali ya ENDO-Klinik ya Hamburg, Ujerumani, imejulikana nayo kwa miongo mingi. Hiyo huhitaji bakteria ajulikane kabla ya upasuaji, dawa inayomuua ipatikane, na nyama zinazozunguka nyonga ziwe na hali nzuri.

Na lipo jambo ambalo mgonjwa hafikirii kuuliza: je, shina langu limelegea kweli? Kama bitana ndiyo iliyosagika na shina limeshika barabara, mara nyingi ni busara kuliacha mahali pake na kubadilisha bitana na kichwa tu. Kuling'oa shina lililoshika vizuri huharibu mfupa uliokuwa mzima.

Karatasi za upasuaji wa kwanza

Kila chuma kinachowekwa mwilini huja na vibandiko vyenye jina la kiwanda, aina, ukubwa na namba ya toleo. Hospitali hubandika kimoja kwenye jalada la mgonjwa. Ukiweza kupata nakala ya kibandiko hicho pamoja na ripoti ya upasuaji, umemwokolea daktari saa nyingi za kubahatisha. Jambo hili lina uzito wa pekee kwa Watanzania na Wakenya waliofanyiwa upasuaji India au Afrika Kusini: jalada liko huko, na chuma kiko hapa.

Karatasi hizo zina kazi tatu. Kwanza, kila shina lina shingo ya umbo la pia ambayo kichwa hupachikwa juu yake. Shingo za viwanda viwili zinaweza kuitwa kwa namba ileile, mathalani 12/14, lakini zisilingane kwa pembe wala urefu. Kichwa cha kiwanda kimoja juu ya shingo ya kiwanda kingine kinaweza kulika na kumwaga madini mwilini. Daktari anayetaka kuacha shina na kubadilisha kichwa ni lazima ajue shingo hiyo ni ya nani. Akitaka kuweka kichwa kipya cha kauri juu ya shingo iliyokwisha tumika, hutumia kichwa maalumu chenye mkono wa titaniamu ndani yake.

Pili, baadhi ya mashina yana kifaa chake maalumu cha kuyang'olea, na kifaa hicho huagizwa mapema. Tatu, karatasi husema kama shina lilishikwa kwa saruji na kama ni laini linalong'aa au la kukwaruza, na hilo hufungua au hufunga mlango wa upasuaji mwepesi tutakaoueleza mbele.

Usitupe picha za zamani za eksirei. Picha moja huonyesha shina lilipo leo. Picha mbili zenye miaka kadhaa katikati huonyesha kama limezama au limeinama, na ushahidi huo ni mzito kuliko maneno.

Kuupima mfupa uliobaki

Mfupa wa paja una sehemu pana juu, karibu na nyonga, kisha hubana na kuwa mrija wenye ukuta mnene katikati ya paja, halafu hupanuka tena kuelekea goti. Shina la mara ya kwanza hutegemea sana sehemu ya juu. Linapolegea, sehemu hiyo ndiyo huliwa kwanza.

Madaktari wengi hutumia ngazi zilizopangwa na Wayne Paprosky wa Chicago. Ngazi ya kwanza, mfupa wa juu umepungua kidogo tu. Ya pili, mfupa laini wa juu umekwisha lakini mrija wa chini ni mzima. Ya tatu imegawanywa: katika tatu A, sehemu ya juu haitegemeki kabisa lakini kwenye kiuno cha mfupa, pale mfereji unapobana, zimebaki zaidi ya sentimita 4 za ukuta mzuri wa kushika shina. Katika tatu B zimebaki chini ya sentimita 4. Ngazi ya nne, mfereji umepanuka na kuta zimekuwa nyembamba kiasi kwamba hakuna mahali pa kubana.

Kanuni inayotoka humo ni ileile ya fundi anayesimamisha nguzo kwenye udongo uliooza: huchimba mpaka afikie ardhi ngumu, na urefu wa nguzo hufuata kina cha shimo. Shina jipya nalo hulipita eneo bovu na kushika pale mfupa unapoanza kuwa mzima. Likiwa fupi mno litazama. Likiwa refu kupita mahitaji, litakula mfupa ambao mgonjwa angeuhitaji siku akirudi mara ya tatu.

Kwa hiyo mwombe daktari akuonyeshe kwenye picha, kwa kidole: "Daktari, mfupa mzima unaanzia wapi, na shina jipya litashika sentimita ngapi za mfupa huo?" Picha ionyeshe mfupa wote wa paja mpaka goti, mbele na ubavu. Mfupa wa paja umepinda kidogo kwenda mbele, na shina refu lililonyooka likiingizwa bila kuangalia mpindo huo linaweza kutoboa ukuta wa mbele.

Familia za mashina

Majina ya biashara ni mengi, lakini mashina ya marudio yanaweza kupangwa katika familia chache.

*Shina la saruji.* Saruji ya mifupa ni plastiki inayochanganywa chumba cha upasuaji na kuganda kwa dakika chache. Hainati kama gundi. Hupenya kwenye vitundu vya mfupa laini na kujikamata humo. Shina la kwanza linapolegea, vitundu hivyo huwa vimelika na mfereji umebaki laini kama ukuta uliopigwa lipu, kwa hiyo saruji mpya haina pa kushika. Vipimo vya maabara vilivyochapishwa mwaka 1988 vilionyesha kwamba katika marudio ya kwanza nguvu ya mshiko kati ya saruji na mfupa hushuka hadi karibu asilimia 20 ya ule wa mwanzo. Ndiyo maana saruji moja kwa moja juu ya mfupa ulioharibika imeachwa na wengi, ingawa bado ina nafasi yake kwa mzee mwenye mfupa mwepesi asiyetembea sana na anayehitaji kukanyagia mguu upesi.

*Saruji ndani ya saruji.* Huu ndio mlango mwepesi tuliouahidi. Ikiwa saruji ya zamani bado imeshikana na mfupa barabara, na hakuna maambukizi, daktari huweza kuchomoa shina peke yake, akaikwaruza saruji, akamwaga kidogo mpya na kuingiza shina dogo linalong'aa, la umbo la kabari. Mfupa hauguswi, damu haipotei sana, na muda wa upasuaji hupungua. Kwa mgonjwa anayestahili, usiruhusu njia hii ipitwe kwa sababu tu chuma kipya kirefu kinaonekana cha kisasa zaidi.

*Shina la mrija lenye vinyweleo mwili mzima.* Hili kwa kawaida ni la kobalti na kromu, umbo lake ni la mviringo ulionyooka, na ngozi yake ina vinyweleo ambamo mfupa huota. Huingizwa kwa nguvu mpaka libane sentimita 4 hadi 6 za mfupa mzima. Lina historia ndefu na matokeo mazuri katika ngazi ya pili na tatu A. Upungufu wake ni ugumu: kobalti na kromu hukataa kupinda karibu mara mbili ya titaniamu. Shina nene la namna hii hubeba mzigo wote, na mfupa wa juu usio na kazi hukonda. Wengine hubaki na maumivu ya paja. Mfereji ukifikia upana wa milimita 18 au 19, au mfupa mzima ukiwa chini ya sentimita 4, shina hili si la kutegemewa.

*Kabari ya titaniamu yenye mbavu.* Kwa marudio mengi leo hili ndilo chaguo la kwanza. Wazo lake lilienezwa na Heinz Wagner wa Ujerumani, ambaye shina lake lilianza kutumika mwaka 1987. Ni refu, hupungua unene kuelekea chini, na lina mbavu nyembamba za urefu. Umbo la kabari hulizuia kuzama, na mbavu hukata kidogo ndani ya ukuta wa mfupa na kulizuia kuzunguka. Ngozi yake iliyokwaruzwa hukaribisha mfupa kuota. Kwa kuwa ni titaniamu, hupinda kidogo pamoja na mfupa, na mara nyingi sehemu ya juu iliyoliwa hujijenga tena yenyewe. Hufanya kazi kwenye tatu A na mara nyingi kwenye tatu B pia. Hatari yake kubwa ni kuzama milimita kadhaa katika miezi ya mwanzo, hasa likichaguliwa jembamba kuliko mfereji. Likizama hivyo mguu hufupika na nyonga huweza kuteguka.

Familia hii ina matawi mawili. Shina la kipande kimoja ni imara na bei yake ni nafuu, lakini daktari akishaligonga mpaka likabana, hawezi kubadili urefu wa mguu wala mwelekeo wa shingo isipokuwa kwa kichwa. Shina la vipande hupachikwa chini kwanza, kisha sehemu ya juu huchaguliwa na kuelekezwa inavyotakiwa. Hilo humsaidia daktari kusawazisha miguu na kuzuia kuteguka. Malipo yake ni kiungo cha ziada katikati ya chuma: kinaweza kulika, na kwa mtu mzito ambaye mfupa wake wa juu hautoi msaada wowote, kimewahi kukatika. Kama mfupa na urefu wa mguu vinaruhusu, kipande kimoja kinatosha. Vipande viwekwe kwa sababu inayotajika.

*Mfupa wa kushindilia.* Kwa mgonjwa kijana mwenye mfereji uliopanuka, inawezekana kuujenga upya. Mfupa uliotolewa kwa watu wengine husagwa, hushindiliwa kwa nguvu ndani ya mfereji, kisha shina linalong'aa huwekwa kwa saruji katikati yake. Mbinu hii ya paja ilianzia Exeter, Uingereza, mwaka 1987. Uzuri wake ni kurudisha mfupa badala ya kuutumia. Ugumu wake ni kwamba huhitaji benki ya mifupa yenye vipimo vya VVU, homa ya ini na kaswende, mkono uliozoea, na saa nyingi. Mfupa unaweza kupasuka wakati wa kushindilia, au shina likazama baadaye.

*Chuma kinachochukua nafasi ya sehemu yote ya juu ya paja.* Hiki hutengwa kwa ngazi ya nne na kwa mifupa iliyovunjikavunjika ya wazee. Mgonjwa huweza kusimama na kukanyaga mapema. Kwa kuwa misuli ya matako haina tena mfupa wa kushikilia, kuteguka na kuchechemea ni kawaida. Ni njia ya mwisho, na kijana asiwekewe kabla nyingine zote hazijajadiliwa.

Mfupa ukivunjika kandokando ya shina

Anguko moja bafuni linaweza kuvunja mfupa unaozunguka shina. Hapo madaktari hutumia mpango wa Vancouver, uliotolewa mwaka 1995 na Clive Duncan na Bassam Masri wa Kanada. Swali lake kuu ni kama shina bado limeshika. Mvunjiko ukiwa kwenye eneo la shina na shina likawa imara, sahani ya chuma na nyaya zinaweza kutosha. Shina likiwa limelegea, sahani peke yake haitoshi: ni lazima shina libadilishwe kwa refu linalovuka mvunjiko kwa angalau mara mbili ya upana wa mfupa. Mvunjiko ulio chini kabisa ya shina hutibiwa kama mvunjiko mwingine wa paja.

Ndugu wa mgonjwa wajue tofauti hii, kwa sababu kupigilia sahani juu ya shina lililolegea ni kosa linalomrudisha mgonjwa kitandani ndani ya miezi michache. Daktari anapaswa kulijaribu shina kwa mkono akiwa ndani ya upasuaji kabla ya kuridhika kwamba limeshika.

Kuling'oa la zamani, na yaliyo juu ya shina

Mara nyingine kazi ngumu ni kulitoa lililopo. Shina lililoota ndani ya mfupa, au saruji iliyoshuka chini sana, huweza kumlazimu daktari kukata dirisha refu la mfupa ubavuni mwa paja, mara nyingi sentimita 12 hadi 15, likiwa bado limeshikana na misuli yake, kisha kulifunga tena kwa nyaya. Ukisikia hivyo usiogope. Dirisha lililopangwa na kufungwa vizuri huunga, na ni salama kuliko kung'oa kwa nguvu na kupasua mfupa ovyo. Ila dirisha hilo hurefusha eneo ambalo shina jipya linapaswa kulivuka, kwa hiyo huingia kwenye hesabu ya urefu.

Kichwa na kikombe navyo vina lao. Nyonga iliyorudiwa huteguka kwa urahisi kuliko ya kwanza, kwa kuwa misuli imekatwa mara mbili. Kichwa kikubwa zaidi, cha milimita 32 au 36, husaidia. Husaidia pia kikombe chenye mizunguko miwili, ambacho Gilles Bousquet wa Ufaransa alikibuni miaka ya 1970. Na kama kilichovunjika mara ya kwanza ni kichwa cha kauri, kisiwekwe kichwa cha chuma mahali pake. Vipande vya kauri vilivyobaki nyamani ni vikali mno. Hukisaga kichwa hicho cha chuma, na kobalti inayomwagika kwenye damu imewahi kuharibu mioyo ya watu.

Hali yetu Afrika Mashariki

Vitabu vingi vya nyonga vimeandikwa kwa ajili ya wazee wa Ulaya waliochakaa viungo. Huku kwetu picha ni tofauti. Malawi, ambayo imekuwa na rejesta ya taifa ya viungo bandia tangu 2005, iliona mapema kwamba sababu iliyoongoza kwa kubadilisha nyonga ni kufa kwa kichwa cha paja kwa kukosa damu, tatizo linalowapata watu wa makamo na vijana. Ugonjwa wa selimundu, ulioenea Tanzania, Uganda na magharibi ya Kenya, ni mojawapo ya vyanzo vyake.

Maana yake ni nini kwa shina? Mgonjwa wa miaka 35 huenda akarudiwa zaidi ya mara moja maishani mwake, kwa hiyo kila sentimita ya mfupa ni akiba. Mwenye selimundu huweza kuwa na mfereji mwembamba uliojaa mfupa mgumu, ambao hutoboka kwa urahisi wakati wa kuchimba. Hatari yake ya maambukizi pia ni kubwa zaidi, na damu yake inahitaji kuandaliwa na daktari wa damu kabla ya siku ya upasuaji. Aseme mapema, asisubiri kuulizwa.

Jambo jingine ni upatikanaji. Nyonga ya mara ya kwanza hufanyika katika hospitali kadhaa za ukanda huu, ikiwemo Taasisi ya Mifupa Muhimbili, MOI, jijini Dar es Salaam. Marudio huhitaji zaidi: seti nzima ya ukubwa mbalimbali, vifaa vya kung'olea, nyaya, damu, na chumba cha uangalizi maalumu. Mara nyingi seti huletwa na wakala kwa ajili ya upasuaji huo mmoja. Shina moja la ukubwa mmoja lililonunuliwa kabla, hata likiwa la bei kubwa, si mpango. Ukubwa wa mwisho hujulikana ndani ya mfupa, na daktari anahitaji hatua moja juu na moja chini, pamoja na shina la akiba la aina nyingine endapo mfupa utapasuka.

Haya ndiyo maswali ya kwenda nayo kliniki, yaandikwe kwenye karatasi:

- Sababu ya kulegea ni ipi, na maambukizi yamekanushwa kwa vipimo gani?
- Je, shina linaweza kuachwa, au saruji ya zamani kutumika?
- Mfupa wangu uko ngazi ya ngapi, na shina litashika wapi?
- Kwa nini umechagua familia hii na si nyingine?
- Seti nzima itakuwepo, na mpango wa pili ni upi?
- Wewe au timu yako mnafanya marudio ya namna hii mara ngapi kwa mwaka?

Daktari mzuri hakasirishwi na maswali haya. Akisema kazi hii inazidi uwezo wa hospitali yake na kukupa rufaa, mshukuru. Amekutendea haki.

Baada ya upasuaji

Ndani ya chumba cha upasuaji huchukuliwa angalau vipande vitano vya tishu kwa ajili ya maabara. Ulizia majibu yake kabla ya kuruhusiwa, kwa kuwa maambukizi yaliyojificha hugunduliwa hapo. Wengi hutembea kwa magongo wakikanyagia kidogo kwa wiki 6 au zaidi, kutegemea jinsi shina lilivyobana. Kukanyaga mapema kwa ushupavu kunaweza kulizamisha. Dawa za kuzuia damu kuganda zimezwe kwa siku zote zilizoandikwa.

Picha ya kwanza baada ya upasuaji ndiyo kipimo cha picha nyingine zote. Hudhuria kliniki wiki ya 6, mwezi wa 3 na mwaka unapotimia, hata kama huumwi, kwa sababu shina linalozama kidogo kisha likatulia ni jambo la kawaida, bali linaloendelea kuzama huhitaji kushughulikiwa kabla halijala mfupa. Homa, kidonda kutoa maji, mguu kufupika ghafla au maumivu makali mapya ni sababu za kurudi siku hiyohiyo. Na safari hii vibandiko vya chuma vipige picha kwa simu, umpe na ndugu nakala.

Shina bora la marudio ni lile rahisi kuliko yote linaloshika mfupa mzima na kuacha akiba ya kesho. Ukiambiwa ulipie shina, lolote liwe, usitoe fedha kabla hujaonyeshwa kwenye picha mahali litakaposhika na kuelezwa kwa nini si jingine. Ukishaonyeshwa ukaelewa, lipa, fanya mazoezi kama ulivyoagizwa, na usikose kliniki.